Chakula cha Mafundi Mia na Arobaini

Nyankumbu, Geita
15 Januari 2023

Dada Bernadina,

Shikamoo. Mwaka umeingia na sisi bado tunahema, tumshukuru Mungu. Wifi yako Hosiana anakusalimu. Anasema michembe ya viazi uliyompa Krismasi imekwisha, maana Lusia anaitafuna kama karanga. Huyo Lusia ameingia darasa la tatu na anataka kila mtu ajue. Mama anaendeleaje na mguu? Mwambie mvua zikipungua nitafika.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Nikikupigia unaniambia, "Subiri, wateja wamejaa," kisha ndiyo basi mpaka kesho. Isitoshe, ninachotaka ni karatasi, na karatasi haipiti kwenye simu. Kondakta aliyekuletea bahasha hii atarudi na ya kwako.

Jambo lenyewe ni hili. Unajua tangu mwaka juzi mimi si mwajiriwa tena. Nina namba yangu ya mlipakodi, mashine zangu mbili za kuchomelea na mafundi wanne. Tulipokuja kuziba matenki ya ule mtambo wa kuchenjulia dhahabu hapo Runzewe, vijana walikula kwako kila siku ya kazi na mimi nilikulipa kila Jumamosi. Hunidai. Sasa mhasibu wangu, bwana mmoja anaitwa Ndaki, amenifungua macho. Kodi yangu inahesabiwa kwenye faida. Nilichotumia kwa ajili ya kazi kinatolewa kwanza, lakini lazima kiwe na risiti. Kisicho na risiti kinahesabiwa kama kimebaki mfukoni mwangu.

Chakula cha mafundi wakiwa kazini kinakubalika. Naomba basi risiti za mlo wote ule, zenye muhuri wako. Na kwa kuwa kalamu utakuwa umeshaishika, andika mafundi saba badala ya wanne. Zile siku nilizokula mimi ziingize humo humo, maana Ndaki anasema tumbo la mwenye kazi halitambuliki, la fundi ndilo linatambulika. Si wizi, dada. Wote wanafanya hivyo.

Mdogo wako,
Thobias


Runzewe
3 Februari 2023

Baba Lusia, mdogo wangu,

Marahaba. Sisi tupo. Mwanangu Kamili amepata shule ya kufundisha Ushirombo, ya bweni, mshahara wenyewe bado ni maneno lakini chaki anazo. Hapa biashara inakwenda, sato amepanda bei, watu wanakula dagaa na kulalamika. Mama mguu unamsumbua, anajikongoja na fimbo mpaka uani. Anakuulizia. Mvua zipungue zisipungue, barabara ya Geita ni ya lami.

Risiti zimo humu. Mafundi wanne, chai asubuhi na ugali mchana, siku sitini, kuanzia Jumatatu ya tarehe kumi Oktoba mpaka Jumamosi ya tarehe kumi na saba Desemba. Jumla laki tisa na elfu sitini. Nimefuata daftari langu siku kwa siku. Hata zile siku mbili fundi wako Makoye alipoumwa malaria, chakula kikapelekwa alikolala, nimezihesabu.

Saba siandiki. Muhuri ule niliuchonga nilipopata kazi ya kupikia semina za kata, na jina lililomo ni langu, si la Ndaki. Wewe ulikula kwangu siku tisa. Hizo sikuziandika kwenye daftari wakati ule na sitaziandika sasa. Ulikuwa unakula kwa dada yako.

Usiposikia vizuri, soma tena. Sijakasirika.

Bernadina


Geita
19 Machi 2023

Dada,

Shikamoo. Risiti zilifika. Wabeja sana, kama wanavyoshukuru huko Samuye kwa wakwe zangu. Ndaki ameusifu mwandiko wako, anasema ungefaa kuwa karani. Tuko salama isipokuwa Hosiana, vidonda vya tumbo vimemrudia, daktari amemkataza chai ya rangi na yeye anainywa akijificha kama mwizi.

Acha nikueleze siku moja ya kazi yangu ndipo unihukumu. Jumanne iliyopita nilinunua vijiti vya kuchomelea na mawe ya grinda, dukani wakanipa risiti ya mashine, safi kabisa. Saa nne jenereta likazima. Fundi wa jenereta ana kibanda na bisibisi, risiti hana. Nikapanda bodaboda mara tatu kufuata kifaa, naye risiti hana. Vijana nimewalisha kwa mama mmoja anayepika karibu na mashimo ya wachimbaji, huyo hata jina lake la pili silijui. Nilitoa laki mbili na ushee siku ile, karatasi nikarudi nayo ya elfu arobaini. Kwa hesabu za Ndaki, Jumanne nilipata faida. Faida gani, dada? Nauli ya kurudi nyumbani nilikopa kwa Makoye.

Nimekutumikisha kidogo, sasa nitakuomba kikubwa. Ninunulie kitabu kizima cha risiti, gonga muhuri wako kila ukurasa, uniachie niandike mwenyewe. Sitaki uongo. Pesa nimeitoa kweli, wenye kuipokea ndio hawana karatasi. Nataka karatasi isimame mahali pa ukweli ambao hauna karatasi.

Nimemtumia Kamili laki moja na nusu ya dawa za mama. Kazi hii ikiisha, mimi huyo.

Thobias


Runzewe
22 Aprili 2023

Thobias,

Tumeipata salamu yako na pesa ya dawa tumeipata. Hosiana aache chai ya rangi, mwambie nimesema mimi.

Barua zako mama hupenda nimsomee kwa sauti. Alikuwa amejilaza kwenye mkeka uani. Nilipofika kwenye kitabu cha risiti nilitaka kupita haraka. Akasema, "Umeruka." Nikarudi nikasoma. Akauliza kitabu hicho kinauzwaje. Nikamwambia elfu mbili na mia tano.

"Unamnyima mdogo wako kitu cha elfu mbili na mia tano?"

"Mama, si kitabu anachotaka. Ni jina langu."

Akacheka mpaka akakohoa. "Jina nilikupa mimi. Mgawie na mwenzio."

Basi kitabu hiki hapa. Nimegonga kurasa hamsini, mkono unaniuma. Andika ulichotumia kweli katika kazi. Kisichokuwa cha kazi usikiweke humo, hata kiwe kimekutoa roho.

Mguu wa mama bado. Tumempeleka hospitali mara mbili, wamesema tuendelee na dawa. Njoo, Thobias. Siandiki zaidi ya hapo.

Bernadina


Geita
9 Julai 2023

Dada Bernadina,

Shikamoo. Naandika kwa sababu simu zangu hupokei. Tulifika salama. Lusia bado anamtaja bibi yake kila akiona fimbo.

Najua umekasirika kwamba tulimzika mama Alhamisi, na Ijumaa asubuhi nikapanda basi kabla ya kuanua matanga. Wajomba nao wamekasirika, Hosiana ameniambia. Kulikuwa na kazi, mtu wa mgodi alitaka kukagua, ningekosa siku ile ningekosa yote. Ng'ombe na yale magunia mawili ya mchele natumaini yalitosha. Wanawake wa jumuiya wapelekee shukrani zangu, walipika bila kuchoka. Msalaba wa chuma Makoye aliuchomelea vizuri.

Kuna kitu nilikiona chumbani kwa mama, Alhamisi ile baada ya mazishi. Sitakiandika.

Mambo ya kazi ni mazuri. Kitabu kinanisaidia. Ukihitaji chochote, sema.

Thobias


Runzewe
12 Oktoba 2024

Thobias,

Barua yako ya Julai mwaka jana sikuijibu, na wewe hukuuliza kwa nini. Salamu kwa Hosiana na Lusia, ambaye sasa nadhani yuko darasa la nne. Kamili ameposa, mchumba ni mwalimu mwenzake anaitwa Anisia, ungejua kama ungekuja kwenye misa ya mwaka wa mama. Mvua za vuli zimewahi, watu wanapanda.

Jumatatu nilipata wito wa ofisi ya kodi Ushirombo. Nilivaa gauni la kanisani. Binti mmoja anaitwa Nelly, umri wa Kamili, mpole, alinikalisha akanipa maji. Akafungua faili, akanitandazia mezani risiti arobaini na sita zenye muhuri wangu. Nilizitazama kama mtu anayetazama nguo zake zimeanikwa kwenye kamba ya jirani. Akasema, "Mama, kwa mwaka jana umemuuzia mteja mmoja tu chakula cha milioni kumi na tisa. Wewe kwetu unalipa makadirio ya mama lishe mdogo. Kwa mauzo haya ulitakiwa kuwa na mashine ya risiti, na kodi yake si hii unayolipa."

Thobias, mimi nina benchi nne na masufuria saba.

Lakini si hilo lililonishtua. Nilikuwa nazipanga zile karatasi, nikakuta moja imeandikwa hivi, kwa mwandiko wako: Chakula cha mafundi 140, siku tatu, eneo la kazi, 14 hadi 16 Juni 2023. Ng'ombe mmoja. Mchele kilo mia mbili.

Tarehe kumi na nne mama aliletwa kutoka hospitali amefunikwa. Tarehe kumi na tano tulimzika.

Binti akaniuliza, "Siku hizo ulipika?" Nikasema nilipika. Akauliza wapi. Nikamwambia kichwa kinaniuma, anipe muda. Amenipa mpaka katikati ya Desemba. Ametaka nirudi na daftari langu.

Njoo uwaambie mwenyewe. Mimi nitakaa pembeni yako, nitasema nilikupa muhuri kwa hiari yangu, maana ni kweli. Lakini ile moja ukaiondoe kwa mkono wako.

Bernadina


Geita
10 Novemba 2024

Dada,

Shikamoo. Kamili apewe hongera. Hosiana hayupo hapa, yupo kwao Samuye kwa muda.

Siwezi kuja. Nikionekana pale, nimekiri. Mgodi haunipi kazi mpya bila cheti cha kutodaiwa kodi, na kazi niliyoombea safari hii ni ya miezi kumi na minne, matenki sita na uzio. Nimekopa kuinunulia vifaa. Ndaki hapokei tena simu.

Ni rahisi, dada. Sema ulipika. Umesema mwenyewe kwamba ulipika, na ni kweli ulipika! Ng'ombe alikuwepo. Mchele ulikuwepo. Kina Makoye walichimba kaburi, wakachomelea msalaba, wakala. Hao si mafundi? Sema walikuwa kazini. Kodi watakayokupigia nitailipa mimi, hata ikiwa kwa mafungu.

Na usinitazame kwa jicho la padri. Ulinitaka nije, ukaandika "mguu". Kila barua mguu, mguu. Unajua nilichokiona chumbani kwa mama? Kadi yake ya hospitali ilikuwa chini ya mto. Imeandikwa uvimbe, umeshasambaa, arudishwe nyumbani, Februari tarehe mbili. Barua yako ya kwanza umeiandika Februari tarehe tatu! Siku moja baadaye! Ulikaa ukahesabu sahani za ugali siku sitini, ukahesabu na malaria ya Makoye, na hukuwa na mstari mmoja wa kuniambia mama yangu anakufa.

Kila mtu ana karatasi yake aliyoificha. Basi na hii yangu ifiche.

Thobias


Runzewe
8 Januari 2025

Thobias,

Salamu sina nyingi. Tulikula Krismasi watu watatu. Naanza na la mwisho.

Ni kweli nilijua. Tulitoka hospitali tarehe mbili, mama akaniapisha kwenye basi. Alisema, "Thobias ndiyo kwanza ameanza kusimama. Ukimwambia ataacha kazi aje kunitazama, na mimi sipendi kutazamwa." Niliandika "mguu" kwa sababu mguu pia ulikuwa unauma. Niliandika "njoo" kadiri nilivyoweza bila kuvunja kiapo. Ningekivunja? Najiuliza kila siku. Nadhani ningekivunja. Hilo ni kosa langu, nalibeba, sikupi hata kipande.

Sasa ya ofisini.

Nilikwenda Desemba tarehe kumi na mbili. Daftari sikulichukua. Nilikuwa nimeamua, Thobias, nataka ulijue hili vizuri, nilikuwa nimeamua kukusaidia. Yule binti alizisoma moja moja kwa sauti na kuniuliza, "Hii ulipika?" Nikasema nilipika. "Na hii?" Nilipika. Agosti, mafundi kumi na wawili, nilipika. Septemba, mafundi kumi na watano, nilipika. Wakati mafundi wako ni wanne na Agosti yote mlikuwa Geita. Nilikudanganyia mara arobaini na tano, nikizihesabu kama rozari.

Ile ya Juni alikuwa ameiweka ya mwisho.

"Mafundi mia na arobaini," akasema. "Hao wote walikuwa wanafanya kazi gani, mama?"

Nilifungua mdomo niseme ulivyonielekeza. Neno lipo hapa ulimini, "walikuwa kazini". Nikawaona wale watu. Nikamwona mama mdogo Paskazia amekaa chini bila khanga ya kichwa. Nikawaona wale wanawake wa jumuiya wanasonga ugali na machozi yanaingia kwenye sufuria. Nikasema, "Hawakuwa mafundi. Walikuwa wanamlilia mama yangu."

Akaweka kalamu chini. Akasema, "Pole, mama." Nadhani na yeye ana mama. Kisha akaligusa lile bunda jingine. "Na hizi?"

Sikujibu. Hakuniuliza mara ya pili.

Zimekataliwa zote. Zile risiti za kwanza kabisa, nilizoziandika mwenyewe kwa mkono wangu kutoka kwenye daftari, ndizo hawakuzigusa. Mimi nimepigwa faini ya kutoa risiti za mauzo ambayo hayakuwepo. Nimeomba kulipa kwa mafungu, laki moja na elfu sabini kila mwezi, miezi kumi na minane, kuanzia Februari. Hoteli nimeifunga. Masufuria makubwa nimeuza. Shule ya Kamili imenichukua nipikie wanafunzi wa bweni, kwa mshahara.

Ungeniambia nilidanganye kaburi lolote lingine, pengine ningeweza.

Bernadina


Kahama
30 Machi 2025

Dada Bernadina,

Shikamoo. Utaona nimehama. Cheti nilinyimwa, kazi ikaenda kwa mtu mwingine wa Mwanza. Mashine zote mbili amezichukua aliyenikopesha. Sasa nachomelea mageti hapa Kahama kwenye karakana ya mtu. Ananilipa Jumamosi, chakula cha mchana juu yake. Makoye tuko naye, yeye ndiye mkubwa wa zamu, mimi nipo chini yake, na bado ananiita "bosi" kwa mazoea. Hosiana na Lusia wamebaki Samuye. Amesema nisiende kabla hajaniita.

Nilisoma barua yako nikakasirika wiki mbili. Nilikuwa nawaambia watu hapa kwamba dada yangu angeweza kusema neno moja tu. Arobaini na tano aliweza, moja ikamshinda! Mtu mmoja mzee hapa karakana akaniuliza hiyo moja ilikuwa ya nini. Nikamwambia. Tangu siku hiyo haniazimi hata miwani ya kuchomelea.

Sasa nikueleze nilivyoiandika, maana hukuniuliza. Haikuwa hesabu ya Ndaki. Ndaki hakujua. Wala hakukuwa na mtu wa mgodi wa kukagua Ijumaa ile, huo nao ulikuwa uongo. Nilipoiona ile kadi nilipanda basi la kwanza. Kitabu chako kilikuwa kwenye mkoba. Nilikuwa nawaza kwamba mlikaa miezi minne mkijua, wewe, mama, Kamili, pengine na jirani, na mimi peke yangu ndiye niliyefichwa. Nilipohitajika kujua, hapana. Zilipohitajika laki za dawa, Thobias. Alipohitajika ng'ombe, Thobias. Nikasema moyoni, kama kwenu mimi ni mtu wa kutoa tu, basi huyu ng'ombe ni gharama ya kazi kama gharama nyingine. Nikatoa kalamu. Niliandika mgongoni mwa kiti cha mbele basi likiruka matuta kabla hatujafika Geita, ndiyo maana mwandiko ule ni mbaya. Nilipomaliza nilijisikia vizuri kwa muda wa kama dakika kumi.

Ningeweza kuichana. Mwaka mzima ilikuwa kwenye faili na ningeweza kuichana. Wakati wa kupeleka hesabu niliishika, nikaona kiasi chake ni kikubwa, kinasaidia. Nikaiacha.

Humu nimeweka laki mbili. Ni za wiki tatu. Nitatuma kila nikipata, mpaka faini yako iishe. Nijibu hata mstari mmoja, unitukane kama unataka.

Thobias


Ushirombo
9 Juni 2025

Thobias,

Marahaba. Tunaishi. Kamili na Anisia wamefunga ndoa Mei, misa ya saa nne, watu wachache. Nilipika mwenyewe. Wajomba waliniuliza kama nimekualika, nikawaambia sikukualika, wakaniacha. Wanafunzi wa hapa wanakula sana na hawalalamiki, wakimaliza wanaosha sahani zao. Kazi hii hainichoshi kama nilivyodhani.

Laki zako mbili zimo humu, zote. Zihesabu mbele ya kondakta.

Sizirudishi kwa kiburi. Umenieleza ulivyoandika ile karatasi na nimekuelewa, na hilo ndilo baya. Ningekuwa kwenye basi lile, na kadi ile kichwani, sijui kalamu yangu ingefanya nini. Nimekuelewa na bado sijakusamehe. Sikujua kwamba mtu anaweza kubeba yote mawili kwa pamoja. Ukinilipia faini, itabidi nijifanye nimekusamehe, kwa sababu nitakuwa nimepokea. Sitaki kukusamehe kwa mafungu.

Kila mwezi tarehe tano natembea kwenda benki. Ni kama nusu saa kwa miguu. Njia nzima nakuchukia, Thobias. Nakuchukia tangu getini mwa shule mpaka dirishani. Nakukumbusha kila kitu, ada ya chuo cha ufundi niliyokulipia kwa maandazi, viatu, kila kitu, mpaka aibu inanishika mwenyewe. Nikishapokea stakabadhi nikageuka, inaanza kupungua. Tarehe sita naweza kuulizwa habari zako na nikajibu. Tarehe kumi wakati mwingine nacheka nikikumbuka ulivyokuwa ukiogopa bata. Kisha mwezi unakwenda, tarehe tano inarudi.

Barua yako ya Machi ilinifikia tarehe nne Aprili. Kesho yake nilikwenda benki nayo mfukoni. Nisingependa kutembea hivyo tena.

Nimelipa mara tano. Zimebaki kumi na tatu. Ya mwisho ni tarehe tano Julai, mwaka ujao. Mpaka siku hiyo usiniandikie, wala usimtume Hosiana, wala Makoye. Ikija bahasha yenye mwandiko wako nitamrudishia kondakta bila kuifungua, na yeye nimeshamwambia.

Nikishalipa ya kumi na nane nitarudi kwa miguu, kama kawaida. Nikifika getini na bado nakuchukia, hutasikia kutoka kwangu. Nikifika nimechoka tu, nitakuandikia mimi.

Bernadina